UZI: Blogu yako ndogo iko wapi kwenye Google, na wasomaji wanatoka wapi? Tujadili kwa kina

#1 Mfugaji wa Mlandizi

Wakuu, habari za Jumapili.

Humu kila baada ya siku chache lazima atokee mtu aulize "blogu yangu iko namba ngapi?", na chini yake atatokea mwingine kumtajia namba pamoja na bei ya kuipandisha. Nimeona tufungue uzi mmoja tulimalize hili. Mimi nina blogu ya ufugaji wa kuku wa kienyeji, ya Kiswahili kitupu, naiendesha mwenyewe kwa simu na laptopu ya zamani. Nitakayoandika ni ya blogu za saizi hiyo. Wenye magazeti ya mtandaoni na waandishi wa kulipwa mna mambo yenu mengine.

Tuanze na hiyo namba. Zamani ilikuwepo kweli. Alexa, kampuni ya Marekani iliyoanzishwa 1996 na kununuliwa na Amazon 1999, ilikuwa inazipanga tovuti za dunia nzima, ya kwanza mpaka ya mamilioni huko. Watu walikuwa wanaibandika pembeni mwa blogu kama cheo. Lakini hesabu yake ilitegemea sana sampuli ya watu waliokuwa wameweka kifaa maalumu kwenye kivinjari cha kompyuta. Msomaji wangu yuko bandani ana simu na bando la siku moja, hicho kifaa angekiweka wapi? Huduma yenyewe ilifungwa tarehe 1 Mei 2022. Anayekuuzia "Alexa rank" leo ni tapeli, hilo halina mjadala.

Google nao walikuwa na PageRank ya 0 hadi 10 ambayo mtu yeyote aliweza kuiona. Mwaka 2016 wakaacha kuionyesha hadharani. Zilizobaki mjini ni alama mbili za kupima blogu: DA ya Moz na DR ya Ahrefs. Hizo ni makadirio ya kampuni binafsi, yanayoangalia hasa ni nani amekuwekea linki. Si mbaya kuzitazama ukitaka kujilinganisha na mwenzako, ila Google haizitumii kupanga matokeo. Nimeona watu wanalipia DA ipande kutoka 5 hadi 20, inapanda, na wasomaji wanabaki walewale.

Jambo ambalo wengi hawajalishika ni hili: Google haipangi blogu, inapanga ukurasa mmoja kwa swali moja. Blogu yangu inaweza kuwa ya pili kwa anayetafuta "kuku kupinda shingo" na isionekane kabisa kwa anayetafuta "banda la kuku 100". Ukiniuliza niko namba ngapi, nami nakuuliza: kwa swali gani?

Pa kuona hayo ni Search Console, ya Google wenyewe, na ni bure. Kabla ya 2015 ilikuwa inaitwa Webmaster Tools, kwa hiyo mkikuta maelezo ya zamani msichanganyikiwe. Unathibitisha kwamba blogu ni yako, unasubiri takwimu zijikusanye, basi. Inakutunzia kumbukumbu za miezi 16. Kuna vipimo vinne: mibofyo, mara ulizoonekana kwenye matokeo, asilimia ya walioona wakabofya, na wastani wa nafasi. Takwimu zilizokamilika huchelewa siku mbili hivi, kwa hiyo usipandishe presha kwa namba za leo asubuhi.

Sasa mfano kutoka shambani kwangu. Nilikuwa na makala yenye kichwa "Ugonjwa wa Newcastle: chanzo, dalili na kinga". Inaonekana sana, inabofywa kidogo. Nikafungua Search Console, nikachagua ukurasa huo peke yake, nikatazama orodha ya maneno ambayo watu waliandika hadi wakaletewa ukurasa wangu. Nikakuta "kuku anaharisha kijani", "kuku amepinda shingo", "dawa ya kuku kusinzia", "kuku wanakufa ghafla". Yaani mtu ameamka asubuhi, kakuta kuku watatu wamejikunyata pembeni, anashika simu. Huyo haandiki "chanzo, dalili na kinga".

Nikabadilisha kichwa kikawa "Kuku anaharisha kijani na kupinda shingo: ni mdondo au kitu kingine?" Aya ya kwanza ikajibu palepale: mdondo (ndiyo hiyo Newcastle) hauna tiba, watenge wagonjwa, usipeleke kuku sokoni, mwite mtaalamu wa mifugo, kwa sababu hata homa ya matumbo ya kuku inaweza kuleta mharo wa kijani kijani na hiyo matibabu yake ni tofauti. Chini yake ndiyo nikaweka habari ya chanjo ya I-2, tone moja jichoni, inarudiwa kila baada ya miezi 3. Nafasi kwenye matokeo haikuruka sana. Mibofyo ndiyo iliyopanda, maana sasa mtu akiona kile kichwa anaona shida yake imeandikwa.

Hiyo ndiyo kazi yangu kubwa siku hizi. Nina daftari, nimeandika maswali kama kumi ninayoyajali, kila Jumatatu naandika nafasi na mibofyo, na pembeni naandika nilibadilisha nini na lini. Nikishagusa ukurasa nauacha wiki kadhaa kabla ya kuugusa tena, vinginevyo hutajua kilichosaidia ni kipi.

Karibuni. Wenye ya kuongeza waongeze, wenye kupinga wapinge.

#2 Chumvi Kali

Naweka kambi hapa.

Ila mkuu, mimi nikiandika jina la blogu yangu kwenye Google natokea wa kwanza kabisa. Search Console ya nini tena?

#3 Mfugaji wa Mlandizi

Chumvi Kali, anayeandika jina la blogu yako tayari anakujua. Huyo hujampata Google, umempata kwingine. Cha kujiuliza ni kama asiyekujua anakufikia.

Halafu kujitafuta kwa simu yako mwenyewe kunadanganya. Google inaangalia uko wapi, unatumia lugha gani, na mara nyingine inakumbuka kurasa unazozizoea. Ukifungua dirisha la faragha unapunguza hilo la kumbukumbu, lakini eneo bado linajulikana. Wewe uko Mwanza unajiona wa tatu, mwenzako yuko Mtwara anakuona wa tisa, na wote mko sahihi. Ndiyo maana Search Console inatoa wastani.

Na wastani nao una hila zake. Ukurasa ukianza kuonekana kwa maswali mapya, mengi ya nafasi ya 40 huko, wastani unashuka ingawa hujapoteza kitu. Umepanuka tu. Usiangalie wastani wa blogu nzima, angalia swali kwa swali.

#4 Mgosi wa Lushoto

Mgosi, hizi porojo za Search Console ni za watu wenye muda. Mimi kila makala naisambaza magrupu ya WhatsApp, wanaingia kibao. Google atanisubiri.

#5 Bi Tambi

Asante mtoa mada, umeeleza hadi mimi nisiye wa teknolojia nimeelewa. Mimi nina blogu ya mapishi ya pwani. Naomba mnisaidie hapa: Search Console yangu, idadi ya mara ninazoonekana ilianguka vibaya Septemba 2025. Grafu imeshuka kama imekatwa na panga. Ila mibofyo haikushuka, na wastani wa nafasi ukawa mzuri zaidi. Niliogopa nikajua nimefungiwa. Ni nini kile?

#6 Fundi Kanda ya Ziwa

Dada Bi Tambi, hukufungiwa. Ile ilitupata karibu wote.

Zamani ukiongeza "&num=100" mwishoni mwa anwani ya utafutaji, Google ilikuletea matokeo 100 kwenye ukurasa mmoja. Binadamu wa kawaida haitumii hiyo. Waliokuwa wanaitumia sana ni programu za kufuatilia nafasi: zinaingia, zinachota matokeo 100 kwa mkupuo, zinaondoka. Sasa ukurasa wako ukiwa wa 78, kila programu ilipopita ilihesabika kwamba umeonekana, ingawa hakuna mtu aliyeshuka hadi huko. Septemba 2025 Google wakaiondoa hiyo njia. Wale "waonaji" wa nafasi za mbali wakapotea, idadi ikaanguka, na kwa kuwa zilizopotea ni nafasi mbaya, wastani ukapendeza. Mibofyo haikuguswa kwa sababu roboti haikuwahi kubofya.

Ukilinganisha namba za kabla na baada ya hapo tumia mibofyo tu. Grafu yako chora mstari Septemba 2025, upande wa kushoto na wa kulia ni vipimo viwili tofauti.

#7 Bi Tambi

Mungu akubariki kaka. Kuna jamaa alishanitajia bei ya "kuondoa adhabu ya Google".

#8 Fundi Kanda ya Ziwa

Hao wapo wengi. Adhabu ya kweli, ile inayotolewa na mtu wa Google baada ya kukagua, unaikuta imeandikwa ndani ya Search Console kwenye sehemu yake. Ukiingia ukakuta hakuna tatizo lililoorodheshwa, usimpe mtu hata senti.

#9 Msafiri wa Voi

Hamjambo ndugu zangu wa Bongo. Nawasoma kutoka Kenya.

Mfugaji, nina swali kuhusu maneno. Huku kwetu ugonjwa huo wengi tunauita kideri. Nikitafuta "dawa ya kideri" sioni ukurasa wako kabisa, naletewa kurasa nyingine. Kwani huwataki wasomaji wa upande huu? Vilevile kuna wale wanaoandika nusu Kiswahili nusu Kiingereza, "newcastle kwa kuku".

#10 Mfugaji wa Mlandizi

Msafiri, karibu sana, na umegusa penyewe. Hata Tanzania kideri linatumika, inategemea mkoa. Majina yote matatu yanatakiwa yawemo ndani ya ukurasa mmoja, kwenye sentensi za kawaida: "mdondo, ambao wengine huuita kideri au Newcastle". Siandiki makala tatu za jambo moja. Ukifanya hivyo kurasa zako zinagombania swali lilelile, leo Google inaleta huu kesho ule, na hakuna unaopata nguvu.

Ndani ya Search Console unaweza kuchuja kwa nchi. Mimi nikichuja Kenya naona maswali tofauti kidogo, hata bei wanauliza kwa shilingi yao. Kuna makala moja ya gharama za kuanza kufuga nimeweka wazi juu kabisa kwamba bei ni za Tanzania, maana walikuwa wanaingia na kutoka.

Ushauri wa bure kwa wote: ukitaka kujua watu wanaulizaje, andika nusu ya swali kwenye Google uache, "kuku wangu ana...", usome inavyokumalizia. Na sikiliza watu dukani kwenye dawa za mifugo. Mteja anapomweleza muuzaji shida yake, hicho ndicho kichwa cha makala.

#11 Mwalimu Mstaafu

Vijana, hongereni kwa mjadala wenye adabu. Sisi tulioanza kublogu enzi za akina Ndesanjo Macha na Jikomboe yake, na Michuzi akaja na picha zake, hatukuwa na habari na Google. Blogu moja iliweka orodha ya blogu nyingine pembeni, msomaji akitoka kwangu anakwenda kwako, akimaliza kwako anarudi kwangu. Maoni chini ya makala yalikuwa marefu kuliko makala. Baadaye wengi tukawa tunasomana kupitia Google Reader, programu ya kusomea blogu nyingi mahali pamoja, nayo ikafungwa Julai 2013. Facebook ikachukua wasomaji, na maoni yakahamia huko.

Ninachotaka kusema ni kwamba msomaji anayerudi ni tofauti na mpita njia. Hizi namba zenu zinahesabu wapita njia. Anayerudi mnamjuaje?

#12 Fundi Kanda ya Ziwa

Shikamoo mwalimu. Swali zito.

Google Analytics, chombo cha kuhesabu wanaoingia kwenye blogu, inatofautisha wageni na wanaorudi, lakini kwa simu za kwetu usiiamini sana. Mtu akifuta kumbukumbu za kivinjari, akibadilisha simu, au akifungua linki ndani ya programu ya Facebook leo na ndani ya Chrome kesho, anahesabika watu wawili. Na ile Analytics ya zamani iliacha kupokea takwimu tarehe 1 Julai 2023, kwa hiyo ambaye hajahamia GA4, yaani Analytics mpya, anaangalia kaburi.

Kipimo changu cha anayerudi ni orodha niliyo nayo mkononi: barua pepe na chaneli ya WhatsApp. Hapo nawaambia wenye blogu za Blogger, jukwaa la Google, jambo moja. Kile kisanduku cha "fuata kwa barua pepe" kilichokuwa kinategemea FeedBurner, huduma ya Google ya kuwatumia wasomaji makala mpya, kiliacha kutuma Julai 2021. Naona blogu nyingi za Kiswahili bado wamekiacha pembeni, msomaji anaandika barua pepe yake kwa imani, na hakuna kinachomfikia. Kitoeni.

#13 Mwalimu Mstaafu

Marahaba. Hicho kisanduku changu bado kipo. Nitamwita mjukuu akitoe.

#14 Mgosi wa Lushoto

Narudia hoja yangu ya WhatsApp maana mmeikwepa. Wasomaji wangu wote wanatoka magrupu. Analytics inaniambia "direct", ati wameandika anwani wenyewe. Nani ataandika anwani ile ndefu?

#15 Mfugaji wa Mlandizi

Mgosi, hatujakukwepa. WhatsApp ikifungua linki haisemi msomaji katokea wapi, basi Analytics inamtupa kwenye kapu la waliokuja moja kwa moja. Humo unachanganyika wewe mwenyewe, magrupu, meseji za kawaida, kila kitu.

Dawa yake ni kuweka alama kwenye linki kabla ya kuisambaza. Mwishoni mwa anwani unaongeza:

?utm_source=whatsapp&utm_medium=kundi&utm_campaign=mdondo

Ukiwa na magrupu matano, sehemu ya mwisho badilisha kwa kila kundi. Baada ya hapo GA4 usitazame yale makundi yake ya jumla, kwa sababu "kundi" ni neno letu, halilijui, litaandika haijulikani. Tazama safu ya chanzo na ya kampeni, utaona wazi. Mimi nilidhani kundi kubwa la wafugaji ndilo linaloniletea watu. Kumbe kundi dogo la akina mama wa VICOBA ndilo linalosoma hadi mwisho, wale wengine wanajaza emoji tu.

Alama hizo usiziweke kwenye linki za ndani ya blogu yako, zitavuruga hesabu ya mtu katokea wapi. Ni za nje tu.

Na kuhusu nani bora kati ya WhatsApp na Google: WhatsApp inakupa watu siku hiyohiyo na kesho yake kimya. Makala ya mdondo watu wanaipata kiangazi baada ya kiangazi bila mimi kuigusa. Tumia zote, ila jua ipi inakufanyia nini.

#16 Kipepeo Mweusi

Nyie mnahangaika. Mimi siku hizi AI inaniandikia makala ishirini kwa siku, naziweka zote. Sheria ya wingi. Mwaka huu natoboa.

#17 Fundi Kanda ya Ziwa

Kipepeo, twende taratibu. Machi 2024 Google waliandika sera kuhusu kuzalisha kurasa kwa wingi kwa lengo la kupata nafasi tu, na wakasema haijalishi zimeandikwa na mashine au na mtu. Tatizo si AI. Tatizo ni kurasa ishirini zisizo na kitu ambacho hakiko kwingine.

Fungua Search Console, nenda kwenye ripoti ya kurasa. Utakuta fungu la kurasa ambazo Google imezitembelea lakini haikuziweka kwenye orodha yake. Tupe idadi humu.

#18 Kipepeo Mweusi

Ni nyingi kiasi. Lakini si ni kawaida?

#19 Chumvi Kali

"Nyingi kiasi" 😂😂 Mkuu taja.

#20 Mfugaji wa Mlandizi

Tumwache jamani, asije akakimbia uzi.

Kipepeo, mimi AI naitumia kunikagulia tahajia na kunipa maswali ambayo msomaji angeuliza. Lakini dozi ya chanjo siikubali kutoka kwake bila kuthibitisha na daktari wa mifugo. Makala za kuku za mashine nimezisoma, zinasema "wasiliana na daktari wa mifugo" mara sita na hazisemi kwamba chupa moja ya chanjo ikishachanganywa haiwekwi kiporo, kwa hiyo wenye kuku wachache waungane mtaa mzima wachanje siku moja. Jirani yangu ndiye aliyenifundisha hilo. Sentensi hiyo moja imeniletea watu wengi kuliko makala nyingi ndefu, kwa sababu wenyeviti wa vitongoji waliisambaza.

#21 Asali ya Tabora

Samahani wakuu kwa swali la kitoto. Natumia Blogger. Search Console imenijazia maonyo: kurasa zenye "?m=1" mwishoni, na nyingine zimezuiwa na robots.txt. Nimeona video YouTube wanasema niweke kodi (code) fulani kwenye templeti. Niweke?

#22 Fundi Kanda ya Ziwa

Usiweke kitu dada/kaka.

Blogger ikiona msomaji yuko kwenye simu inamwongezea "?m=1" kwenye anwani. Ni ukurasa uleule kwa sura ya simu. Blogger yenyewe inaiambia Google kwamba anwani halisi ni ile isiyo na hiyo alama, na Search Console inakuripotia tu kwamba imeelewa. Si kosa. Zile kodi za YouTube za kuiondoa kwa nguvu zinaweza kukufanya ukurasa uzunguke bila kufunguka kwenye simu, na simu ndiyo Google inayoitumia kukagua blogu.

Zilizozuiwa na robots.txt, faili linaloiambia Google isiingie wapi, ukizitazama nyingi zinaanza na "/search/label/". Hizo ni kurasa za lebo. Blogger imezizuia makusudi, kwa sababu ni orodha tu za makala zilezile. Cha kuangalia ni kimoja: makala zako zenyewe zimo kwenye orodha ya Google? Weka anwani ya makala kwenye kisanduku cha ukaguzi juu, itakujibu. Kama haimo, usibonyeze kuomba mara kumi. Weka linki kutoka kwenye makala yako inayosomwa sana kwenda kwa hiyo mpya.

Ila kwa Analytics m=1 ni kero kweli, inagawa ukurasa mmoja mistari miwili. Jumlisha mwenyewe.

#23 Asali ya Tabora

Asante sana kaka. Ni dada 😊

#24 Chumvi Kali

Hapa bado pesa haijatajwa. Na TCRA, wale wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, je? Nilisikia leseni milioni.

#25 Mfugaji wa Mlandizi

Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 ndizo zilizoleta leseni ya shilingi 1,000,000 kwa mwaka, juu yake 100,000 ya maombi, na blogu nyingi ndogo zilinyamaza kipindi kile. Kanuni zikaandikwa upya 2020, zikarekebishwa tena 2022. Hilo si la kusikia kijiweni. Soma kanuni zilizopo sasa kwenye tovuti ya TCRA yenyewe, na kama blogu yako inagusa habari na matukio, soma mara mbili.

Pesa tufungue uzi mwingine. Kwa kifupi, kwangu matangazo ya mtandao ni ya vocha. Wanaonilipa ni watu wanaonitafuta kuagiza vifaranga baada ya kusoma.

#26 Bi Tambi

Mtoa mada nina jingine. Kwangu mwezi wa Ramadhani ndiyo mavuno. Machi mwaka huu nililinganisha na Machi 2025, nikakuta nimeshuka mno. Nimepitwa na wenzangu au vipi?

#27 Msafiri wa Voi

Bi Tambi, Ramadhani ya 2025 si ilianza mwanzoni mwa Machi? Na ya mwaka huu iliingia wiki ya tatu ya Februari. Umelinganisha Machi iliyojaa futari mwezi mzima na Machi ambayo Ramadhani ilibakiza wiki kama tatu tu na Idi juu yake.

#28 Mfugaji wa Mlandizi

Msafiri amemaliza. Kila mwaka inarudi nyuma siku 10 au 11. Kwenye Search Console chagua tarehe zako mwenyewe, mwezi mtukufu kwa mwezi mtukufu, utaona ukweli wako.

Mimi nami nina msimu. Wanaotaka kuku wa nyama wa Krismasi wanaanza kutafuta vifaranga mwishoni mwa Oktoba na Novemba, maana broila anakaa wiki tano au sita bandani. Makala nikiitoa Desemba nimechelewa. Google inahitaji muda kuuzoea ukurasa, kwa hiyo naipasha moto Septemba: bei mpya, picha mpya, anwani ileile. Usifungue ukurasa mpya kila mwaka na kuandika "2026" kwenye anwani. Mwaka ukiisha umebaki na mzee na kijana wanaogombana.

Kwako ungeanza kugusa kurasa za futari miezi miwili kabla. Ramadhani ijayo inaangukia Februari 2027, kwa hiyo Desemba uwe umeshaanza.

#29 Bi Tambi

Nimeelewa, kumbe sikushuka. Nimefungua sasa hivi ukurasa wa kaimati, nikatazama maswali kama ulivyoelekeza. Kinachoongoza si "jinsi ya kupika kaimati". Ni "kwa nini kaimati zinakuwa ngumu". Na mimi kwenye ukurasa mzima sijagusa habari ya ugumu hata mstari mmoja.

#30 Mfugaji wa Mlandizi

Dada, hapo ndipo pa kuanzia. Liweke juu kabisa, kabla ya orodha ya mahitaji. Ni nini kinachozifanya ngumu?

#31 Bi Tambi

Unga haujaumuka vizuri, au donge limekuwa zito, au mafuta yamechemka sana zikaiva nje haraka na ndani zikabaki. Na wengine wanazitia kwenye shira ikiwa bado nyepesi. Napiga picha za hatua zote kesho nikipika.

#32 Mgosi wa Lushoto

Bi Tambi ukishaweka leta linki hapa. Yenye ile alama ya utm, tuone kama na humu tunahesabika.